Nani amehesabiwa? Uchambuzi wa kisa cha kulinganisha shule sita za msingi katika kata moja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya vijijini, kanda ya kati ya Tanzania, kati ya Desemba 2022 na mwanzoni mwa 2024. Wakati huo nilikuwa afisa elimu wa kata hiyo, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayoelezwa ni yangu mwenyewe. Majina ya kata, halmashauri na watu yameondolewa. Shule sita nimezipa majina ya miti, na idadi za wanafunzi nimezisogeza kidogo ili mtu asizitambue shule kwa kuzilinganisha na matokeo yaliyotangazwa. Uhusiano wa namba kwa namba, ambao ndio unaobeba kisa, nimeuacha ulivyokuwa.

Ninawaandikia maafisa elimu kata wenzangu, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na madiwani, ambao kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakitoka hujikuta mbele ya orodha ya shule iliyopangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kutakiwa waseme neno.

Mazingira ya kata

Kata ina vijiji vitatu na shule sita za msingi, zote za serikali. Shule ya Mninga ipo makao makuu ya kata, kando ya barabara ya lami, hatua chache kutoka kwenye gulio. Ndiyo kongwe, ina umeme, na mwalimu akipangiwa huko hupata chumba cha kupanga siku hiyo hiyo. Mkuyu ipo kilomita tano kutoka hapo, katika kijiji cha wakulima wa alizeti. Mgunga ipo mwisho wa kata, mbugani, ambako wakazi wengi ni wafugaji. Kutoka kitongoji chake cha mbali mtoto hutembea kilomita saba, na mvua zikikolea korongo hujaa, hata wazazi wenyewe huwazuia watoto wasivuke. Shule tatu zilizobaki, Mkwaju, Mbuyu na Mwarobaini, hazikuwa na habari kubwa mwaka ule, si kwa uzuri wala kwa ubaya, nami sitazirudia sana.

Darasa la saba lililofanya mtihani Oktoba 2022 lilikuwa na historia yake. Watoto wale waliandikishwa darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ambao elimu bila malipo ilianza kutekelezwa na michango ya lazima ikaondolewa. Wazazi waliokuwa wakiwaacha watoto nyumbani kwa kukosa fedha waliwaleta kwa mkupuo, wakiwamo wa miaka tisa na kumi. Mgunga peke yake iliandikisha watoto 141, wakawekwa chini ya mwalimu mmoja, wakati kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kundi hilo hilo lilipofika darasa la tano, mwaka 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni. Wa karibu na barabara walipata angalau kaka au shangazi wa kuwafundisha jioni, na wa Mgunga walikwenda machungani, baadhi yao wasirudi tena.

Haya yote yalikuwamo katika kumbukumbu za ofisi yangu. Niliyakumbuka nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Mfuatano wa matukio

Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo mwanzoni mwa Desemba 2022. Kitaifa, karibu asilimia 80 ya waliofanya mtihani walifaulu, yaani walipata daraja A, B au C. Nilifungua tovuti kwenye simu, nikanakili idadi ya waliofanya na waliofaulu kwa kila shule, nikapiga asilimia na kuzipanga kutoka juu kwenda chini. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Mkuyu ilikuwa ya kwanza: watahiniwa 41, waliofaulu 38, sawa na asilimia 92.7. Mninga ilifuata kwa mwanya mwembamba, watahiniwa 117, waliofaulu 108, asilimia 92.3. Mgunga ilikuwa ya mwisho: watahiniwa 58, waliofaulu 34, asilimia 58.6.

Januari 2023 Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa. Mheshimiwa diwani aliomba mwalimu mkuu wa shule ya kwanza asimame, akapigiwa makofi ya kilo. Kisha akaomba wa shule ya mwisho asimame. Mwalimu mkuu wa Mgunga alisimama akiwa amekumbatia shajara yake kifuani, akaulizwa maswali ambayo hayakuwa maswali. Mjumbe mmoja akapendekeza kitengenezwe kinyago, kikae katika ofisi ya shule ya mwisho mpaka mwaka unaofuata. Watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu. Pendekezo la kinyago halikupita. Lililopita ni agizo kwamba jedwali libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, nami nikalibandika kwa mkono wangu.

Mwishoni mwa mwezi huo huo, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, lilieleza kwamba limeacha utaratibu wa kutangaza shule bora na watahiniwa bora, kwa kuwa wanafunzi hawakusoma katika mazingira yanayofanana. Karani wa ofisi ya kata aliniuliza kama jedwali letu nalo litolewe. Nilimjibu kwamba hayo ni ya kitaifa, sisi wote ni wa kata moja. Jibu hilo lilinirudia baadaye mara nyingi, kwa sababu kutoka Mninga hadi Mgunga ni mwendo wa saa mbili kwa pikipiki wakati wa mvua, na nilikuwa nikiuendesha mimi mwenyewe.

Kufikia Machi, jedwali lilikuwa limeanza kufanya kazi ambayo hatukulituma. Wazazi wa Mbuyu na Mgunga wenye ndugu makao makuu waliwahamishia watoto Mninga. Nilihesabu wanafunzi wapya 63 katika miezi miwili, na madarasa ya chini ya Mninga yakapita wanafunzi 90. Mwalimu mkuu wa Mgunga, kwa kuogopa kusimamishwa tena, alimtoa mwalimu wake hodari wa kusoma, kuandika na kuhesabu kutoka madarasa ya kwanza na la pili, akampeleka darasa la saba, na kuanzisha kambi ya masomo ya jioni. Watoto wa darasa la pili wakabaki na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akija siku tatu kwa wiki.

Katikati ya Machi mama mmoja alifika ofisini kwangu na mtoto wa kiume wa darasa la sita, kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, amebeba madaftari yake kwenye mfuko wa sandarusi. Mama alikuwa na barua ya uhamisho kutoka Mkuyu kwenda Mgunga, na kwenye sehemu ya sababu paliandikwa "mzazi kuhama makazi." Nilimuuliza amehamia kitongoji gani. Akanitazama kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi sijahama. Nihamie wapi? Nimeambiwa mtoto ni mzito, ataiharibia shule." Nyumba yake ninaijua: kengele ya Mkuyu ikigongwa, yeye huisikia akiwa jikoni. Mtoto hakuinua kichwa muda wote tuliokuwa tukizungumza.

Nilimrudisha mtoto Mkuyu kwa barua yangu, kisha nikavuta faili la uhamisho. Mwaka 2020 na 2021, wanafunzi wanane wa darasa la tano na la sita walikuwa wamehamishwa kutoka Mkuyu kwenda Mgunga. Wote kwa sababu ile ile ya mzazi kuhama makazi, na barua zote kwa mwandiko mmoja. Wote wanane walifanya mtihani wa 2022 wakiwa Mgunga, na wawili tu ndio waliofaulu.

Hapo nilichukua kalamu. Nikiwarudisha wanane wale Mkuyu, watahiniwa wake wanakuwa 49 na waliofaulu 40, sawa na asilimia 81.6. Nikiwaondoa Mgunga, inabaki na watahiniwa 50 na waliofaulu 32, sawa na asilimia 64. Mkuyu haikuwa ya kwanza hata kidogo, na Mgunga ilikuwa ikibebeshwa mzigo wa jirani yake na kusimamishwa kwa ajili ya mzigo huo.

Swali lililofuata lilikuwa kubwa zaidi: kama wanane wamehamishwa, wengine wako wapi? Rejista ya uandikishaji ya Mkuyu ya 2016 ilikuwa na majina 96, na waliofika chumba cha mtihani ni 41. Tuliketi chini ya mti pale shuleni, mimi, mwalimu wa takwimu na wenyeviti watatu wa vitongoji, tukapita jina kwa jina siku mbili mfululizo. Kati ya 55 waliokosekana, 16 walikuwa wamehamia shule nyingine kwa barua, wakiwamo wale wanane. 13 walikuwa wamekariri madarasa na bado wapo shuleni nyuma ya wenzao. Tisa walihama kweli na wazazi wao kufuata mashamba. Wawili walikuwa wamefariki. Kumi na watano walikuwa pale pale kijijini, wameacha shule, na wenyeviti waliwajua kwa majina ya baba zao na kazi wanazofanya. Mmoja alipita barabarani na punda wa maji tukiwa katikati ya kusoma jina lake.

Kosa la pili

Kwa hesabu ile ile ya waliofaulu kati ya walioandikishwa 2016, Mninga ilipata asilimia 84.4, Mkuyu 39.6 na Mgunga 24.1. Niliona nimepata kipimo cha haki. Nilichapa jedwali jipya, nikapanga kulipeleka kwa diwani ili lichukue nafasi ya lile la ubaoni, na nikapita Mgunga kwanza kwa heshima tu, kumwonyesha mwalimu mkuu. Alilisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaniuliza: "Mwalimu, hapa umewatoa watoto wa shikizi?"

Sikuwa nimewatoa. Mwaka 2019 wananchi wa kitongoji cha mbali, wakichoshwa na lile korongo, walijenga shule shikizi, yaani kituo kidogo cha kusomea watoto wanaoishi mbali na shule, upande wa pili wa mpaka wa kata, nayo baadaye ikasajiliwa kuwa shule kamili katika kata jirani. Watoto 31 wa kundi la 2016 walihamia huko kwa utaratibu halali kabisa. Kuwahesabu kama waliopotea kulikuwa ni kuiadhibu Mgunga kwa sababu serikali na wananchi walifanya jambo jema. Ukiwatoa hao, na ukiwaondoa pia wanane waliotoka Mkuyu, inabaki kwamba 32 walifaulu kati ya 110, yaani asilimia 29.1. Bado ni matokeo mabaya, lakini si yale niliyokuwa nimeyachapa. Ni kwamba tu siku hiyo niliamua kupitia Mgunga kabla ya kwenda kwa diwani. Ningepita njia nyingine, jedwali la pili lingebandikwa likiwa na uongo mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu lingeonekana limefanyiwa utafiti.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliondoa jedwali ubaoni bila kubandika lingine. Diwani hakukubali kwa urahisi. Hoja yake ilikuwa na uzito: wananchi wana haki ya kujua shule zao zinafanyaje, na afisa anayeficha namba hujificha yeye mwenyewe. Tulikubaliana kwamba kila shule itasoma matokeo yake katika mkutano wa wazazi wake, pamoja na namba tatu zisizoachana: walioandikishwa darasa la kwanza, waliofanya mtihani, na waliofaulu. Orodha ya majina ya watoto walioacha shule ilibaki katika faili, kwa walimu wakuu na wenyeviti tu, kwa kuwa majina ya watoto wa watu hayabandikwi ukutani.

Uamuzi wa pili ulihusu uhamisho. Katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi ambamo kila mwanafunzi ana namba yake, uhamisho wa mtoto huanzia kwa walimu wakuu. Niliagiza kwamba kwa mwanafunzi wa darasa la tano na kuendelea, kabla ya chochote kufanyika kwenye mfumo, mzazi afike kwangu na aseme sababu kwa mdomo wake. Zaidi ya hapo, kwa hesabu za ndani za kata, matokeo ya mtoto aliyehamishwa baada ya darasa la nne yangehesabiwa kwa shule aliyotoka na kwa shule aliyokwenda. Sikuwa na mamlaka ya kubadilisha takwimu za Baraza; nilikuwa na mamlaka juu ya karatasi tunayoisoma kwenye vikao vyetu, na hiyo ilitosha kuondoa faida ya kumsukuma mtoto.

Wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kwa mwalimu mkuu wa Mgunga: kumrudisha yule mwalimu hodari katika darasa la kwanza na la pili. Alinieleza wazi kwamba ninamtaka ashindwe mwaka huu kwa faida ya mwalimu mkuu atakayekuja baada yake. Alikuwa sahihi. Nilimwambia kwamba watoto wengi walioanguka mtihani wa 2022 hawakuangukia darasa la saba, na kwamba ningeandika barua kwa halmashauri kueleza kuwa uamuzi ni wangu, jina langu na sahihi yangu. Niliiandika.

Wa nne ulitokana na kuacha kutazama asilimia ya jumla na kutazama wastani wa kila somo, ambao Baraza huutoa kwa kila shule. Hapo ndipo tulipoona jambo lililofichwa na jedwali letu: katika Sayansi na Teknolojia, Mgunga ilikuwa ya pili katika kata, juu ya Mkuyu. Nilikwenda kuketi nyuma ya darasa la mwalimu wa somo hilo. Kabla mwanafunzi hajajibu swali lolote, alimtaka aseme kwa maneno yake mwenyewe swali linauliza nini, na asiyeweza kusema kwa Kiswahili aliruhusiwa kuanza kwa lugha ya nyumbani, mwenzake akamsaidia kulivusha. Swali moja lilichukua dakika kumi. Watoto wale walizungumza Kiswahili shuleni tu; kilichokuwa kikiwaangusha katika masomo mengine mara nyingi kilikuwa lugha ya swali, na mwalimu huyu alikuwa amelitambua hilo bila semina ya mtu yeyote. Tulipopanga mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja kati ya shule jirani, ya Mei na Julai, tulibadilisha desturi: badala ya shule kutuma karatasi tu, mwalimu wa somo katika shule iliyofanya vizuri alikwenda kufundisha kipindi kimoja katika shule iliyofanya vibaya, wengine wakitazama. Mwalimu wa Mgunga alifundisha Mkuyu. Niliona baadhi ya nyuso pale, na sina haja ya kuzieleza.

Niliomba pia walimu wawili wahamishwe kutoka Mninga, iliyokuwa imezidi ikama yake, yaani idadi ya walimu iliyopangiwa, kwenda Mgunga. Wazazi wa Mgunga nao walikubali kuchanga mahindi baada ya mavuno kwa ajili ya uji, debe moja kwa kaya.

Matokeo

Mtihani ulifanyika Septemba 2023 na matokeo yakatoka Novemba. Mkuyu ilisajili watahiniwa 54, waliofaulu 42: asilimia 77.8, kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne katika kata. Mgunga ilikuwa na watahiniwa 65, waliofaulu 40: asilimia 61.5, bado ya mwisho. Mninga iliteleza kidogo. Kata kwa jumla haikupanda hata nafasi moja katika halmashauri, na diwani alinikumbusha hilo kwa upole ambao haukuwa mpole sana.

Ukihesabu vichwa badala ya asilimia, Mkuyu ilifaulisha watoto wanne zaidi ya mwaka uliotangulia na Mgunga sita zaidi. Baada ya Machi 2023 uhamisho wa darasa la tano na kuendelea ulikuwa mmoja tu, wa mzazi aliyehama kweli. Kati ya wale kumi na watano wa Mkuyu tuliokuta wameacha shule, watatu walirudi kupitia darasa la sita, mmoja wao akaacha tena wakati wa kupalilia.

Walimu wawili waliohamishiwa Mgunga waliripoti. Mmoja aliishi miezi minne katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, kisha akapata uhamisho wa kumfuata mwenza wake. Mwingine bado yupo. Uji ulianza Juni na mahudhurio ya madarasa ya chini yalipanda hata mwalimu wa zamu akaishiwa vikombe; mahindi yaliisha Novemba, na Januari, mwezi wa njaa, watoto walikuja bila uji au hawakuja.

Uchambuzi

Jedwali la kwanza lilikosea kwa njia ambayo ni rahisi kuirudia, kwa sababu halikuwa na namba hata moja ya uongo. Asilimia ya ufaulu hujibu swali moja tu: kati ya walioketi kwenye chumba cha mtihani, wangapi wamefaulu. Haiwezi kujibu ni nani aliyeruhusiwa au aliyeweza kufika kwenye chumba hicho. Shule inaweza kuipandisha kwa kufundisha vizuri zaidi, na inaweza kuipandisha kwa kupunguza wanaoketi. Njia ya pili ni nyepesi, ya haraka, na haihitaji chaki. Si jambo la kata yetu tu. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulizipanga shule hadharani kwa matokeo yao, na watafiti waliofuatilia takwimu zake walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, lakini pia idadi ya watoto waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua. Mwalimu mkuu wa Mkuyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma vizuri kile tulichokuwa tukikipima.

Tofauti kati ya Mkuyu na Mninga, iliyomfanya mmoja apigiwe makofi, ilikuwa chini ya nusu ya asilimia moja. Katika shule ya watahiniwa 41, mtoto mmoja ana thamani ya asilimia 2.4. Mtoto mmoja wa Mkuyu angeamka na malaria siku ya Hisabati, shule ingeshuka nafasi. Baraza lenyewe, lilipokuwa bado likichapisha nafasi, lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi, kwa kujua kwamba hazipimwi kwa mizani moja. Lakini hata ndani ya kundi moja, kuweka 41 na 117 kwenye ngazi moja na kutofautisha kwa desimali ni kujidanganya.

Kulifuata kundi lile lile la watoto tangu darasa la kwanza kulisaidia sana, ila kwa sharti ambalo nililijua kwa bahati: lazima namba irudi kwenye jina. Kila pengo katika rejista lina sababu yake, na sababu hizo hazifanani. Shule shikizi mpya, mtoto aliyekariri darasa, familia iliyofuata malisho na mtoto aliyefukuzwa kwa maneno laini, wote huonekana sawa kwenye safu ya "waliopungua." Ningekuwa na kompyuta nzuri zaidi ningekosea haraka zaidi. Walioweza kunisahihisha ni mwalimu mkuu aliyekuwa wa mwisho na wenyeviti wa vitongoji, ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha jedwali kabla ya kulibandika.

Ulinganisho wa somo kwa somo ndio uliozaa matunda darasani, nadhani kwa sababu haukuwa na shule ya mwisho. Kila shule ilikuwa na somo la kufundisha wenzake, hata Mgunga. Lakini nisizidishe: vipindi vilivyofundishwa kwa kubadilishana vilikuwa sita tu mwaka mzima, kwa kuwa nauli za walimu zilitoka mifukoni mwao na mfukoni mwangu, na ruzuku ya uendeshaji, shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka iliyokuwa ikifika shuleni wakati huo, haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Kumbuka pia kwamba ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo shule inayopoteza watoto hupoteza na fedha za kuwatafuta.

Tulishindwa wazi katika mambo mawili. Uhamisho wa walimu bila nyumba ni barua tu. Nilipaswa kuanza na chumba, kisha mwalimu. Na Mninga ilibaki na wanafunzi iliowapokea kwa sababu ya jedwali letu, kwani wazazi hawakurudisha watoto siku tulipolibandua. Karatasi ilikaa ubaoni wiki saba. Hadi ninahama kata ile, bado nilisikia watu gulioni wakiiita Mgunga "shule ya kinyago," ingawa kinyago hakikuwahi kuchongwa.

Kuhusu mwalimu aliyerudishwa darasa la kwanza na la pili, sina la kuonyesha kwenye jedwali la mtu yeyote. Upimaji mdogo tulioufanya wenyewe Novemba 2023, mtoto mmoja mmoja na aya moja ya kusoma kwa sauti, uliniridhisha. Watoto hao watafika mtihani wa mwisho wakati mimi, diwani na walimu wakuu karibu wote tumekwisha kuondoka.

Mwanzoni mwa 2024 mwalimu mkuu wa Mkuyu alikuja ofisini na barua kutoka halmashauri. Alitakiwa ajieleze ndani ya siku saba kwa nini ufaulu wa shule yake umeshuka kutoka asilimia 92.7 hadi 77.8. Mwaka wa makofi hakuna aliyemwandikia kumuuliza watoto 55 wako wapi. Tuliketi tukaandika majibu pamoja, kurasa mbili, na nyuma yake tukaambatisha orodha ya watahiniwa 54, tukipigia mstari majina ambayo kwa utaratibu wa zamani yasingekuwamo. La yule kijana wa sandarusi halikuwamo bado. Mwaka huo ndio alikuwa anaingia darasa la saba, pale pale Mkuyu.